Sproketi za Padri

Leo nusura nife bila kuungama kwa sababu ya cheni ya pikipiki.

Mliokuja kunitazama mnajua hali yangu. Asubuhi Padri alipiga simu kwamba yuko njiani, anakuja kunipa mpako wa wagonjwa.

Nikasubiri. Chai ikapoa. Jua likapita kichwani.

Alasiri akatokea anasukuma pikipiki, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko.

"Cheni, Mzee Masanja. Imeruka njia nzima toka Ushirombo."

Nikafumba macho, nikajifanya nimezidiwa.

Sababu ya cheni kuruka naijua. Padri aliomba seti nzima, cheni na sproketi zake mbili, yale magurudumu ya meno yanayozungushwa na cheni. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya parokia, mwalimu mstaafu, nikasimama kikaoni nikasema cheni mpya inatosha, maana meno ya sproketi bado makali. Wajumbe wakapiga makofi.

Kumbe meno ya sproketi yakiwa makali ndiyo yamekwisha, hayashiki cheni. Yakiwa mapya huwa butu. Kamati nzima, hakuna aliyejua.

Basi nikaanza kuungama na hiyo.

"Hiyo naijua," akasema Padri. "Njiani nimeitaja kwa maneno ambayo na mimi itabidi nikayaungame."

Akanipaka mafuta. Nina alama ya grisi kwenye paji la uso. Mkwe wangu amesugua, imekataa.

Kitubio nilichopewa: "Usife wiki hii, Mzee. Sina usafiri wa kuja kukuzika."

Wanangu walioko Kahama waambieni walete seti nzima. Nitajitahidi kusubiri.