Askari wa Zulia la Wageni

Nianze kwa kukiri ujinga wangu mwenyewe, maana Bi Zuhura wa ghorofa ya chini ameshautangaza nusu ya mtaa wetu wa Upanga. Wiki iliyopita nililifua zulia langu la manyoya. Wenye akili huwapelekea waoshaji. Mimi, mtu wa kukaa ndani, nikajiona fundi. Nikalitumbukiza bafuni na sabuni ya unga, nikalikanyaga weee, kisha nikataka kulinyanyua. Zulia hilo likiwa kavu nalibeba kwapani. Likilowa, lina uzito wa mume aliyelala. Nikaliburuta mpaka kwenye roshani, nikalining'iniza, na maji yake yote yakashukia mashuka ya Bi Zuhura aliyokuwa ameyaanika tangu asubuhi.

Halafu ikaja harufu. Manyoya yakilowa yananuka beberu aliyenyeshewa. Nikasimama pale na ndoo mkononi, na kwa harufu ile nikajikuta nina miaka tisa, Kariakoo, karibu na Msimbazi, kwenye chumba chetu cha mbele.

Tulikuwa na vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji wengi. Sakafu ilikuwa ya simenti, nyekundu kwa nta, tuliyoisugua kila Jumamosi kwa sweta kuukuu mpaka ukajiona meno. Baridi yake ilipanda kwenye magoti. Mama alikuwa na meza ya vitenge sokoni, anasimama kutwa nzima akiita wateja. Siku moja akarudi na zulia la manyoya rangi ya chai ya maziwa, manyoya marefu mpaka vidole vya miguu vinapotea. Akalitandika katikati ya chumba, akatutazama mimi na kaka yangu, akasema, "Hili la wageni. Mguu wa mtu wa humu ndani nisiuone."

Alikuwa akipenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji aliponea pembeni, kwenye mkeka.

Kazi ya kulilinda nilipewa mimi, na niliipenda kuliko shule. Kila jioni nililichana kwa kitana, manyoya yote yalale upande mmoja, kuelekea mlangoni. Aliyekanyaga aliacha alama, nami nilizisoma alama zile kama mpelelezi. Kaka yangu alinaswa mara nne kwa kisigino. Paka wa jirani alinaswa akanyimwa dagaa. Wageni wenyewe walikuja mara chache, mjomba kutoka Lindi na wanawake wawili wa kikoba, tena kwa uoga wa zulia walikaa ncha ya kochi, miguu wameinyanyua.

Basi siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilitoka shule nimelowa, nikaukuta mlango umerudishiwa tu. Mama alikuwa amerudi mapema, mvua imemfukuza mezani. Alikuwa amelala juu ya zulia. Kifudifudi, shavu ndani ya manyoya, mkono mmoja bado umeshika fundo la robota la vitenge, miguu imejaa tope la Kariakoo. Anakoroma taratibu. Sikuwahi kumwona mama amelala mchana.

Mnadhani nilimfunika khanga? Nilimtikisa bega.

"Mama! Mama, amka! Hilo la wageni!"

Alifungua macho kama mtu aliyeitwa kutoka mbali sana. Nilisubiri nipongezwe. Akanitazama, akatabasamu kidogo.

"Ewaa. Umeninasa, askari wangu."

Akajiinua kwa kushika mguu wa meza, akaenda uani kuwasha mkaa. Mimi nikachukua kitana. Umbo lake lilikuwa limebaki pale zima zima: bega, nyonga, shimo la shavu. Nikalichana lote mpaka likafutika, nikaona nimefanya kazi nzuri.

Sikumwona akililalia tena. Lilipochakaa tulilikata vipande vya kufutia miguu.

Sasa nina umri aliokuwa nao. Nashona mapazia hapa hapa nyumbani, na nikiinuka kwenye cherehani mgongo unalia kabla sijanyooka. Ndipo nilipojua kwamba mama siku ile hakuwa na kosa hata moja. Alikuwa amepata saa moja ya kupumzika katika mwaka mzima, na mwizi wa saa ile ni mimi, na kitana changu.

Mtasema nimejifunza. Jana zulia limekauka. Nikalitandika juu ya vigae, nikalichana, kisha nikakaa chini pembeni yake, kwenye vigae vitupu, nimeegemea ukuta, hoi. Bi Zuhura akaingia na sahani ya sambusa na masimango ya mashuka yake. Nikamwambia kwa haraka, "Shikamoo, bibi, pitia pembeni, nimetoka kulichana sasa hivi."

Akalitazama zulia, akanitazama mimi pale chini.

"Mwajuma, miaka sita yote mgeni wako ni mimi tu, na mimi zulia ninalo kwangu. Lala hapo, mwanamke, umechoka mpaka sura!"