Donge Jeusi la Mahango

Mama mkwe wangu hakunipenda, nami sikumpenda, na sioni haya kulisema. Mwanawe alikuwa na lori la kubeba chumvi na samaki kati ya Bwera na Kasese, na mama alitaka amwoe binti wa wafanyabiashara wenzao Waislamu. Badala yake akanipata mimi, msichana wa mlimani niliyesilimu siku chache kabla ya ndoa. Kila nilichopika kilikuwa kibichi au kimeungua.

Siku moja nilikuwa natoka kumwona shangazi yangu kwetu mlimani, kijiji cha Mahango, mvua ikanikimbiza chini ya mwamba. Kwenye jiwe kulikuwa na kitu cheusi kilichotiririka kikaganda, kinang'aa kama lami. Nilikibandua kwa kisu, nikanusa: harufu kali kidogo, tamu kidogo. Nikajiambia huu ni ubani. Mama mkwe alifukiza ubani kila Alhamisi jioni, na miaka ile ya Amin ulikuwa umeadimika madukani. Mjinga mimi, nikalifunga donge kwenye pindo la leso, nikaitia kikapuni nimpelekee zawadi, labda atalainika.

Hakungoja kupewa. Nilipokuwa naoga alipekua kikapu changu, nikasikia ukelele uani.

"Majirani, kujeni! Hii ni dawa ya kufunga mtoto yangu! Watu ya mlima ni wachawi!"

Nilieleza, lakini nani asikilize? Mume wangu aliporudi safari alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, mimi hakuniuliza hata neno. Akatoa sanduku langu chumbani, akaliweka mlangoni. Akasema ataniacha kesho, baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya mashahidi.

Kesho yake mama mkwe alimwita shehe, na pamoja naye afande wa kambi ya jeshi, mtu wa kaskazini, ili nikikana nitiwe adabu. Afande aliligeuza donge mkononi, akalinusa.

"Leta moto!"

Mama mkwe mwenyewe alileta chetezo, kile kile cha ubani wake. Donge likafuka moshi, nyumba nzima ikanuka mkojo, shehe akaziba pua kwa kanzu.

"Mama, hii si dawa," afande akasema. "Ni mkojo ya pimbi, ile kanyama ya mawe, kama sungura bila masikio. Kwetu tunawinda yeye tangu utoto. Anakojoa mahali moja tu, miaka na miaka, inakauka, inakuwa jiwe."

Wakacheka, na mume wangu akacheka kuliko wote. Akaja mlangoni, akashika sanduku alirudishe ndani.

"Basi, imeisha. Ingia upike, wageni wana njaa."

Nilimtazama. Mwanamume niliyelala naye kitanda kimoja alihitaji mkojo wa pimbi ndipo aniamini. Nikamnyang'anya sanduku, nikajitwika.

"Mwambie mama yako apike," nikasema, nikashika njia ya Mahango.