Mswada Uliotangazwa Kama Ndoa

Katika miaka sita niliyouza stempu katika posta ya Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniletea barua ya kwenda Bungeni, na nilimshauri arudi nayo nyumbani. Nalisema mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Naitwa Mokaya, mtu wa Kisii. Nilihamishiwa huko mwaka 1994 nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Kidholuo, lugha ya wenyeji, sikukijua, kwa hiyo kila aliyefika dirishani pangu alilazimika kunisemesha Kiswahili, na wengi walinisemesha kwa kifupi.

Mama Rael hakuwa na kifupi. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, aliyelima mtama na mihogo kando ya kijito kinachoshuka kutoka machimboni. Wenyeji walimwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, kwa kuwa ndiko alikozaliwa kabla ya kuolewa huku. Jumapili alikuwa msomaji wa matangazo katika kanisa la Anglikana, na sauti ile ya kanisani alikuja nayo hadi posta. Akinunua stempu moja, foleni nzima ilijua inakwenda wapi.

Kisa chake kilianza na ng'ombe wasio wake. Mwaka 1995 bwana mmoja aitwaye Joash alichimba mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu kule juu ya kijito. Alitumia zebaki, ile dawa nzito inayong'aa ambayo hukamata vumbi la dhahabu, na maji machafu akayaachia yateremke. Msimu uliofuata samaki wadogo walielea tumbo juu, na ng'ombe watatu wa Mzee Wangwe, jirani wa Mama Rael, wakatupa mimba. Wangwe hakusema neno. Joash alikuwa mkwe wake, na ng'ombe hao hao ndio aliowatoa mahari. Utamshtakije mtu kwa ng'ombe aliokuletea mwenyewe kwa heshima, mbele ya wazee?

Basi aliyekwenda kushtaki akawa Mama Rael. Alisafiri hadi kortini Kisii, akasimama mbele ya karani, akaulizwa maswali matatu. Alinisimulia baadaye akiigiza sauti zote mbili.

"Mto ni yako?"

"Hapana."

"Ng'ombe ni zako?"

"Hapana."

"Wewe mwenyewe umeumia mahali?"

"Hapana. Mimi nakunywa maji ya mvua, iko tangi nyumbani."

"Basi mama, huna mahali pa kusimama. Ni sheria inasema hivyo, si mimi. Kilio huanza mfiwa."

"Na mfiwa akiogopa kulia?" Mama Rael akamuuliza. Karani akamwita mtu aliyefuata kwenye foleni.

Mimi nilimwambia Mama Rael kwamba karani yule alisema kweli tupu, na kwamba mtu mzima hajitafutii presha kwa ng'ombe wa jirani. Alinitazama kwa huruma, akaondoka na stempu zake. Lakini wiki chache baadaye alirudi amechangamka. Redioni walikuwa wamesema kwamba Nairobi wataalamu wanazungumzia sheria mpya ya mazingira, na kwamba wapo wanaotaka mwananchi yeyote aruhusiwe kuutetea mto, hata usiokuwa wake. Tangu siku hiyo Mama Rael akaanza kulifuata Bunge.

Kazi hiyo inanistaajabisha hadi leo. Magazeti yalitufikia yamechelewa siku mbili, na mengi yaliishia kufungia sukari katika duka la Noor, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa mkabala na posta. Mama Rael akazungumza naye. Kuanzia hapo Noor alifungia watu sukari kwa kurasa za michezo, nazo za Bunge akaziweka chini ya mzani zikimngoja mwenyewe. Za jioni alizipata redioni. Yote aliyaandika katika daftari la jalada gumu: mswada gani, umechapishwa lini, umesomwa mara ya ngapi, nani ameunga mkono, nani amepinga na kwa sababu gani. Hakuchagua wa mazingira peke yake. Palikuwa na ukurasa wa samaki, ukurasa wa misitu, na mwaka 1997 akaongeza ukurasa wa umeme, aliouandika kwa mwanga wa koroboi, maana waya wa stima ulikuwa haujamfikia wala hauna habari naye.

Mwisho wa mwaka huo Bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, na miswada yote iliyokuwa njiani ikafa nalo. Nikamuuliza kwa kejeli kama sasa atapumzika.

"Bwana arusi amekufa, wuoda," akanijibu. Wuoda ni kusema mwanangu. "Tunaanza posa upya."

Akafungua ukurasa mpya papo hapo dirishani, akaandika tarehe. Nilicheka, lakini nakiri kwamba hapo ndipo nilipoanza kumwogopa kidogo.

Mwaka 1999 mswada wa mazingira ukachapishwa. Mama Rael aliuagiza kwa mpiga chapa wa serikali, ukaja katika bahasha ya kaki, kurasa juu ya kurasa za Kiingereza kigumu. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba tu. Alikaa nao majuma mawili na kamusi, kisha akaja kuniomba nimhakikishie kifungu kimoja, cha tatu. Nilikisoma mara mbili. Kilisema kwa maneno ya kisheria kwamba mtu anaweza kwenda Korti Kuu kutetea mazingira hata kama hawezi kuonyesha kuwa yeye mwenyewe ameumizwa. Nikakumbuka maswali matatu ya yule karani. Yote yalikuwa yamejibiwa pale, na mama wa mihogo ndiye aliyeyaona majibu yake kabla yangu.

"Wabunge wanaweza kukata hii?" akaniuliza.

"Wanaweza kukata chochote."

"Inasomwa mara ngapi?"

"Tatu."

"Kama ndoa," akasema, na uso wake ukatulia kabisa.

Sikuelewa alichomaanisha mpaka Jumapili fulani nilipokwenda kanisani kwao. Bonface, tuliyefanya naye kazi posta, alikuwa akimwoa Dorine, na kama mjuavyo, Waanglikana hutangaza ndoa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi aseme kabla mambo hayajafungwa. Mama Rael alisimama akawatangaza Bonface na Dorine mara ya pili. Kisha hakukaa.

"Pia naitangaza mswada wa mazingira," akasema. "Imesomwa Bungeni mara ya pili. Mtu akiwa na pingamizi, aseme sasa."

Watu wakacheka. Pasta akakohoa. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa aibu ya mtu mwingine, ndipo nikasikia benchi la nyuma likilia. Joash alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mimi niko na pingamizi," akasema. "Hiyo sheria itafunga mabwawa yetu. Watoto wangu wanakula huo mchanga. Nani atawalisha?"

Mzee Wangwe alikuwa safu ya mbele, akiangalia miguu yake. Nilidhani Mama Rael atamrukia Joash kwa maneno, maana maneno hayakuwahi kumpungukia. Badala yake alitoa kalamu kwenye nywele, akafungua daftari juu ya meza ya matangazo, akaliandika lile pingamizi polepole, akamsomea Joash aliyoandika.

"Ni hivyo umesema?"

"Ni hivyo."

"Imeandikwa," akasema, ndipo akakaa.

Nimeona watu wengi wakishindana, na mimi mwenyewe si haba kwa ubishi. Sijapata kumwona mtu akimwandikia adui yake hoja kwa mwandiko mzuri namna ile. Ibada iliendelea na sikusikia neno lingine la mahubiri.

Jumatatu alifika na barua ya kwenda Bungeni. Hapo ndipo nilipomshauri arudi nayo nyumbani.

"Mama, huko hawaulizi watu wa nje," nikamwambia. "Wanasoma wao kwa wao."

"Na mtu akiwa na neno?"

"Akae nalo."

"Sasa hiyo si kutangaza, wuoda. Hiyo ni kunong'ona."

Barua haikuwa imefungwa, akanipa niisome nirekebishe makosa. Ilikuwa ya Kiswahili, nusu ukurasa. Ilisema kwamba katika kanisa letu mswada umetangazwa na mtu mmoja amepinga, naye ni Joash, anasema watoto wake wanakula mchanga wa kijito, na hilo ni kweli na wabunge walifikirie. Ilisema mwandishi mwenyewe hana pingamizi. Ilimalizia hivi: "Lakini kifungu cha tatu msikiguse, kwa maana huku wenye kuumia wanaogopa kulia." Sikuona cha kurekebisha. Niligonga muhuri, nikaitupa katika gunia la barua, nikijiambia kwamba nimemsaidia bibi kuota ndoto.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Bahasha ndefu, ngao ya taifa imechapwa juu, na jina lake limeandikwa kwa taipu: Bi. Rael, S.L.P. Macalder. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwa nimeshika bahasha ya namna hiyo iliyoandikiwa mkulima. Nilimtuma mtu akamwite. Alipofika akaniomba nimsomee kwa sauti, na foleni ikasogea karibu.

Waliandika kwamba barua imepokelewa. Waliandika kuwa imefika wakati unaofaa, kwa sababu baada ya mswada kusomwa mara ya pili na kabla ya kusomwa mara ya tatu, wabunge huupitia kifungu kwa kifungu, na hapo ndipo mabadiliko hufanywa. Nakala ya barua yake wamepewa wanaohusika.

Nilisimama na karatasi ile mkononi. Mimi na cheti changu sikujua kwamba hatua hiyo ipo. Mama Rael alikuwa amekosea, maana Bunge si kanisa na hakuna mbunge anayengoja mtu wa benchi la nyuma asimame. Na kwa kosa hilo hilo alikuwa amebisha mlango unaofaa, katika juma linalofaa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, nami siku hiyo nilijiona kipara.

Mswada ukasomwa mara ya tatu kabla mwaka haujaisha. Tulisikia kwenye redio ya Noor, watu wamejaa dukani. Lakini redio haikutaja vifungu, na Mama Rael alikataa kufurahi. Alingoja wiki nyingine kadhaa, mpaka sheria yenyewe ikaja, imetiwa sahihi, imechapishwa, katika bahasha ya kaki kama ile ya kwanza. Aliifungulia dirishani pangu. Kidole chake, chenye udongo wa mihogo ukuchani, kikashuka ukurasa mmoja, kikageuza, kikasimama. Kifungu cha tatu kilikuwapo. Aliazima kalamu yangu, akaandika katika daftari: "Ndoa imefungwa."

Ndoa inataka mashahidi, akasema, kwa hiyo niliomba ruhusa kazini nikafuatana naye hadi Kisii. Mzee Wangwe naye akaja. Alidai anatusindikiza tu, akabeba mfuko wa mama uliokuwa na ile sheria.

Karani alikuwa yule yule, ameongezeka mvi. Hakumkumbuka. Alivuta karatasi na kuanza kuuliza bila kuinua macho, kama alivyouliza watu wote kwa miaka yote.

"Mto ni yako?"

"Hapana," akasema Mama Rael.

"Ng'ombe ni zako?"

"Hapana."

"Wewe mwenyewe umeumia mahali?"

"Hapana."

Alilitamka hilo la tatu kwa sauti ya matangazo, na watu waliokuwa wameketi ukutani wakageuka. Karani akaweka kalamu chini, tayari kumrudisha nyumbani. Mama Rael akanyoosha mkono, Wangwe akampa ile sheria, naye akaifungua mezani na kuigeuza ili karani aisome bila kupinda shingo. Karani alisoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Akaingia chumba cha ndani, tukasikia watu wakizungumza, akatoka. Safari hii alimtazama usoni.

"Keti, mama," akasema. "Andika jina lako hapa, pa mlalamikaji."

Aliandika herufi kubwa, bila haraka. Nilimtazama na nikahisi machozi, na sikujali nani ananiona. Alipomaliza, karani akanyoosha mkono kuichukua karatasi, lakini Mzee Wangwe alikuwa ametangulia kuiwekea kiganja juu yake. Alisafisha koo. Akauliza kama chini ya jina la Nyar Karungu kuna nafasi ya dole gumba, maana yeye kuandika hajui, na wale ng'ombe walikuwa wake.