Kasuku Aliyebaki na Sauti ya Mama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipobisha mlango wa jikoni kwetu, karibu na Mogogosiek, na sauti ya mama ikaniuliza kutoka ndani, "Nani huyo?" Nilikuwa na mifuko mikononi na koti la ng'ambo mabegani. Mama alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia.

Nilisimama pale ukungu ukipanda kutoka kwenye michai. Sauti ikauliza tena, kwa uchovu ule ule wa mtu anayekoroga kitu jikoni na hataki kuacha. Kaka yangu Kimutai akanishika bega akaniambia, "Usiogope. Ni ndege."

Nawaandikia ninyi vijana ambao siku hizi mnaniletea picha za vizimba kwenye simu na kuniuliza, "Mzee, hiki kinafaa?" Mnaniuliza kwa sababu mnajua nilikotoka. Nilikwenda ng'ambo bila mjomba wa kunipokea, nikaanza kwa kuzoa vinyesi katika bustani ya ndege, nikasoma jioni baada ya kazi, na nikapata diploma yangu ya utunzaji wa wanyama kwa jasho langu. Iko ukutani sebuleni, kwenye fremu, na mgeni yeyote anaweza kuisoma. Kwa hiyo ninaposema juu ya kasuku, sibahatishi. Lakini nitakayowasimulia leo hayakuwa kwenye mtihani.

Yule kasuku alikuwa wa kijivu, mwenye mkia mwekundu. Mama alipewa na meneja wa shamba la chai aliyekuwa anahama, maana alimfulia nguo miaka mingi. Akamweka kwenye kizimba cha duara, kidogo kama ndoo, akakitundika jikoni juu ya mahali pa kuotea moto. Baba alikuwa ameshakufa, sisi tumetawanyika, na mchana kutwa walikuwa wawili tu, mama na ndege. Akajifunza kila kitu chake. Kikohozi chake. Namna alivyowaita kuku. Hata chafya yake, maana mama alivuta ugoro, na chafya yake ilikuwa nzito, mbili kwa mkupuo, na mwisho wake alikuwa akiguna.

Nilipomtazama yule ndege siku ile ya kwanza, niliona kifua chake ni kitupu. Alikuwa amejing'oa manyoya mpaka ngozi ikaonekana, nyekundu kama ya kuku aliyechinjwa. Nikamwambia Kimutai, "Huyu ni mpweke. Anahitaji kizimba kikubwa na mwenzake."

Kimutai akaniuliza, "Ukimletea mwenzake, ataendelea kusema kama mama?"

Nikamjibu ukweli. Kasuku aliye peke yake hushika sauti ya mtu kwa sababu mtu ndiye kundi lake. Akipata mwenzake, taratibu huacha.

"Basi abaki hivyo hivyo," akasema. "Wewe hukuwa hapa mama akifa. Mimi nilirudi, nilikuwa naye."

Nikaokota mifuko yangu, nikaipeleka chumbani.

Mke wa Kimutai, Chelangat, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na siku ya kumpa jina la ukoo ilifika nikiwa pale. Kwa wasiojua desturi yetu: wanawake wazee hukaa na mama na mtoto, wakaita majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, huku wakimnusisha mtoto ugoro kidogo sana. Jina litakaloitwa mtoto akapiga chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi kwake. Mtoto akipewa jina la asiye wake, husemwa kwamba atalia na kukataa ziwa.

Sisi wanaume tulikaa nje, kwenye ukuta wa jikoni. Tulisikia shangazi yetu mkubwa, Tapsabei, akiita bila haraka. Jina, kimya. Jina, kimya. Kisha akaita jina la mama yetu, na chafya ikalia. Mbili kwa mkupuo. Na mguno.

Wanawake wakapiga vigelegele. Kimutai akainuka machozi yakimtoka. Mimi nilibaki nimeketi, kwa kuwa ile haikuwa chafya ya kitoto kilichozaliwa juzi. Kizimba kilikuwa kimetundikwa pale pale, nyuma ya kichwa cha Chelangat, kimefunikwa kwa leso.

Siku iliyofuata Chelangat alinifuata shambani nikiangalia miche. Alikuwa amembeba mtoto.

"Shemeji, mtoto hakupiga chafya," akaniambia. "Nilikuwa nimemshika kifuani. Hata hakutikisika."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wananicheka. Wananiambia, wewe msichana wa huko Kapkatet, umeolewa hapa kuja kumfukuza mama mkwe hata akiwa kaburini?"

Yaliyofuata ndiyo yaliyoninyima usingizi. Mtoto alianza kulia. Alilia akikunja ngumi, akaligeuzia ziwa kisogo. Na kila alipolia, kutoka jikoni sauti ya mama ilimjibu kwa Kipsigis, lugha yetu, polepole, kama ilivyotubembeleza sisi: "Nyamaza, mtoto. Kogo yuko hapa." Kogo ni bibi, na mama aliwabembeleza hivyo watoto wa majirani. Mtoto akisikia hivyo alinyamaza mara moja, akageuza kichwa upande wa kizimba, na hapo tu ndipo alipokubali kunyonya. Chelangat alimnyonyesha mwanawe kwa ruhusa ya sauti iliyozikwa. Aliniambia anahisi ameajiriwa kama yaya katika nyumba yake mwenyewe.

Kisha siku moja ya mvua ya mawe, ndege akakataa kusema. Alikaa amevimba, macho yamefumba nusu, akijing'oa unyoya mmoja uliobaki. Mtoto akalia tangu asubuhi, hakuonja ziwa, mpaka kilio kikawa kama mlio wa paka. Chelangat akaanza kufunga nguo zake kwenye shuka. Akamwambia Kimutai mbele yetu sote, "Naenda kwetu. Mtoto wangu hatakufa akimngojea ndege."

Kimutai alikuwa amesimama mbele ya kizimba, akimsihi ndege: "Sema. Tafadhali, sema." Sijaona tena mwanamume mzima akimlilia ndege namna ile, na sitaki kuona.

Shangazi Tapsabei alikuwa ameketi karibu na moto. Alimtazama ndege, akamtazama mtoto, kisha akainuka akikamata kiuno. "Kimutai," akasema, "mama yako alipougua, tulimbeba sisi kwa zamu, na alipochoka tukamwacha apumzike. Huyu ndege umemwacha ambebe mama yako peke yake. Tazama kifua chake. Na jina tulilompa mtoto tulilitoa kwa chafya ya ndege. Mimi ndiye niliyeita, mimi ndiye ninayelirudisha." Halafu akanigeukia: "Na wewe, msomi, umeleta karatasi ya ng'ambo ya kupendezesha ukuta tu?"

Huo ndio ulikuwa wakati wangu, mwanangu, na niliutumia. Kwanza nilikitoa kizimba jikoni, nikakipeleka kwenye banda la zamani la ndama, upande wa mbali wa boma. Mtoto alilia sana jioni ile. Kisha, palipokosekana sauti nyingine, akasikia ya mama yake. Akanyonya. Chelangat akafungua shuka lake, lakini hakuzirudisha nguo sandukuni. Alikuwa anangoja kuona.

Nikachora kizimba mwenyewe. Fundi wa kuchomelea mjini Kericho alipokiona akaniuliza, "Boss, ni kasuku au ni chui?" Kilikuwa kirefu kwa upana kuliko kwa kimo, kwa sababu kasuku huruka kwenda mbele, si kama lifti. Kilikuwa na pembe, maana kwenye duara ndege hana mahali pa kujificha. Vyuma vya ubavuni vililala ili apande kwavyo, vimekaribiana kichwa kisipite. Nilikataa rangi inayobanduka na waya mpya wa mabati usiosuguliwa, kwa kuwa kasuku hutafuna kila kitu na madini ya zinki humuua. Vijiti vya kusimamia nilikata kwenye mpera, vinene na vyembamba, miguu isife ganzi. Upande mmoja nikauegemeza ukutani ili asiogope kila upande.

Mwenzake nilimpata kwa karani mmoja wa shamba la chai, Ouma, Mjaluo wa kando ya ziwa, aliyekuwa anahamishwa. Naye alikuwa kasuku wa kijivu, umri unaokaribiana. Nikahakikisha ana kibali cha wanyamapori. Nikamuuliza Ouma kwa nini anamuuza.

"Alikuwa wa marehemu baba," akasema. "Mke wangu hawezi tena kuandaa chai huku sauti ya baba mkwe ikiuliza ni nini. Lakini ndugu, akikohoa usimkimbize hospitali. Hajambo."

Sikuwaweka pamoja siku hiyo. Mgeni alikaa chumba kingine kwa wiki kadhaa, nikichunguza kinyesi na pumzi, asije akaleta ugonjwa. Kisha nikaviweka vizimba viwili banda moja, kando kwa kando, waonane bila kuumizana.

Na hapo, mwanangu, nilisikia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye majani, sauti ya mama ilikuwa ikiita kutoka bandani, "Nani huyo?" Na sauti ya mwanamume mzee, yenye kikohozi, ikajibu kwa Kijaluo, "Ang'o?" Yaani, nini? Mama akauliza tena. Mzee akajibu tena. Marehemu wawili ambao hawakuwahi kuonana wakiwa hai, wakizungumza kwa lugha mbili ndani ya banda la ndama. Wachuma chai waliokuwa wakipita njia ile wakaanza kuzungukia juu, kwa jirani, na kikapu kizito mgongoni. Niliwaeleza kisayansi. Wakaniitikia, "Ndiyo, mwalimu," na wakaendelea kuzunguka.

Mwisho nikawaingiza kizimba kimoja. Waligombana kidogo, wakakaa mbalimbali, wakakaribiana. Mmoja akaanza kumsafisha mwenzake shingo. Manyoya ya kifuani yakaota. Na sauti zikaanza kupungua. Mama aliita mara moja kwa siku, kisha siku zikapita bila kuita, kisha tukagundua hakuna anayekumbuka alipoita mara ya mwisho.

Shangazi akawakusanya wanawake tena, mlango wazi, jikoni pakiwa hamna ndege. Akaita. Mtoto akapiga chafya kwenye jina la bibi wa baba yetu, mwanamke ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kusikia sauti yake. Chafya ndogo, yenye maji, na Chelangat alicheka akajifuta kifua. Hakuna aliyebishana naye.

Kimutai hakuwa nasi ukutani. Nilimkuta bandani, sikio kwenye waya wa dirisha.

"Wamenyamaza?" nikamuuliza.

"Hapana. Wanaongea sana."

"Wanasema nini?"

Akasikiliza tena. "Sijui," akasema. "Si maneno ya mtu." Akatoka, akaenda kumbeba mtoto.

Basi nasaha yangu ni hii. Usinunue kasuku mmoja ukamweka kwenye kizimba cha kupendeza macho ya wageni. Mpe nafasi ya kufungua mabawa yote mawili bila kugusa chuma, mbali na moshi wa jiko na upepo wa mlango. Mtafutie mwenzake wa aina yake na wa ukubwa wake, maana mkubwa hukata vidole vya mdogo. Mtenge mgeni kwanza, uwakaribishe polepole, na siku watakapoacha kukuita jina lako, usione wivu. Na ukifiwa, mwanangu, lia mwenyewe. Usimpe kiumbe mwingine kazi hiyo, awe ndege au awe mtoto.

Mungu akujalie nyumba yenye sauti za walio hai. Waliokutangulia wapumzike bila kuitwaitwa, na watoto wako wakilia, sauti yako iwe ya kwanza kusikiwa nao.