Suruali za Cornel

Cornel, Mungu amrehemu, hakuwahi kuvaa suruali ambayo mtu angeitazama mara moja akaendelea na safari yake. Alikuwa mchezaji wa gofu wa kulipwa. Alianza kwa kuwabebea wakubwa mifuko ya fimbo kwenye uwanja mmoja kule kwenye mashamba ya miwa ya Ruaha, na alipoanza kushinda mashindano, hela ya kwanza ilikwenda kwa fundi nguo. Miraba ya zambarau na njano. Waridi yenye mananasi. Kijani ambayo hata kasuku angeionea haya. Mkewe Letisia, muuza mitumba pale Mikumi, mwanamke asiyemung'unya maneno, alimwambia kuwa kanisani watu hawasikilizi tena mahubiri.

"Mpira wenyewe kama ndimu," Cornel alimjibu. "Watu watazame nini kama si mimi?"

Presha ilimwangusha uwanjani mwaka juzi. Siku ya kumaliza msiba, ukoo ukagawana nguo zake kama ilivyo desturi. Lakini nani angethubutu kwenda harusini na mananasi? Zikawa nguo za kazi. Zikaingia shambani, sokoni, barabarani.

Hapo ndipo Letisia alipokosa raha. Anashuka kwenye basi Kilosa, anaona mananasi yanakata kona. Moyo unamlipuka, kumbe ni binamu wa marehemu na tenga lake la nyanya. Kijani inapita nyuma ya vibanda, anasimama ghafla. Iliyomtesa zaidi ni ile ya miraba. Ilimwangukia Petro, mdogo wake Cornel, mwenye mwendo uleule wa kuchelewesha mguu wa kushoto, na kila asubuhi Petro alipita mbele ya kibanda cha Letisia akienda kazini. Siku moja Letisia aliita, "Cornel!" Wateja wakajifanya wanachagua mashati.

Maiti gani huyu asiyetaka kuzikwa? Letisia alichoka kuogopa. Akachambua kwenye mitumba yake suruali za khaki na nyeusi, akazunguka kwa ndugu kubadilishana nao. Walifurahi, wengine hawakuficha. Petro alikuwa wa mwisho.

"Afadhali, shemeji," alisema akiikunja ile ya miraba. "Mimi mwenyewe nikijiona kwenye kioo cha gari nashtuka."

Letisia akazifunga zote kwenye kiroba, akakisukuma chini ya kitanda.

Kesho yake alikaa kibandani, akauza. Petro alipita na suruali nyeusi, naye Letisia asimtambue mpaka aliposalimiwa. Watu walipita, khaki kwa nyeusi, na hakuna hata mmoja aliyemshtua. Mchana ulipofika akagundua kuwa tangu asubuhi hajainua macho kumtafuta mtu barabarani. Hapakuwa na wa kumtazamia. Akalia mbele za watu, kilio ambacho hata makaburini hakikumtoka.

Jioni alibisha kwa Petro, suruali ya miraba ikiwa kwapani.

"Shika, shemeji. Uivae."

"Si inakutisha?"

"Inanitisha," alisema Letisia. "Uivae hivyo hivyo. Na ukifika pale kibandani kwangu, usinisalimie. Pita tu."