Ukuta Ulioliwa na Mbuzi

Harufu ya udongo wa kukandikia nyumba haifanani na harufu ya matope ya barabarani. Matope ya barabarani yananuka uozo. Udongo wa kukandikia, ukishalowekwa na kukanyagwa mpaka ukalainika kama unga wa maandazi, unanuka ubaridi, kama mtungi mpya unaotiwa maji kwa mara ya kwanza. Harufu hiyo ikinipitia hata leo, popote nilipo, narudi darasa la tatu, mwaka wa masika makubwa, Mabawa, mjini Tanga, katika nyumba ya vyumba viwili niliyoishi na Mama na mdogo wangu Bakari. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alituachia nyumba yenye bati juu na udongo pembeni, mpapai mmoja uani, na ukuta wa ubavuni uliotazama kichochoro, ambao tangu yeye yuko hai ulikuwa na ufa mwembamba unaoteremka kutoka darini kama mshipa kwenye mkono wa mtu mzee.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye nyumba za matofali, nieleze kidogo. Ukuta wa udongo huanza na nguzo zilizochimbiwa chini. Kwenye nguzo hufungwa fito kwa kamba, ndani na nje, mpaka upate kitu mfano wa tenga kubwa. Kisha udongo hushindiliwa katikati. Hapo ndipo penye siri ya kazi: wanasimama watu wawili wakielekeana, mmoja ndani na mmoja nje, kila mmoja na donge lake, wanayatupa kwa pamoja ili madonge yakutane katikati ya fito na kushikana. Ukitupa peke yako, donge linapenya na kuangukia upande wa pili, nawe unabaki kumtazama kuku anayelichakura. Ndiyo maana mtu hawezi kukandika nyumba akiwa peke yake, hata awe hodari namna gani. Lazima awepo mtu upande wa pili.

Masika yalipoanza, ule ufa ukaanza kupanuka. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kidigo mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa tatu, alikuwa kila akipita kichochoroni anaugonga kwa kidole na kusema, “Mama Zuhura, usipoziba ufa utajenga ukuta!” Mama alikuwa akimjibu kutoka ndani, mikono kwenye unga, “Kwa mvua hii niuzibe na nini, shoga? Ukianguka, si umesema nitajenga?” Wakacheka wote wawili. Watu wengi wanaitumia methali hiyo kutishia wazembe, na ni haki yao. Lakini Mama aliisikiliza hadi mwisho, akaona kwamba nusu yake ya pili haisemi utalia, wala haisemi utahama. Inasema utajenga. Kwake yeye hiyo haikuwa adhabu, ilikuwa maelekezo.

Ukuta ulianguka asubuhi, tukiwa tunakunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha. Haukupiga kishindo. Uliketi chini taratibu, kama mtu mzima aliyechoka kusimama, na ghafla chumba chetu kikajaa mwanga na manyunyu. Mama alituangalia, akahesabu vichwa kwa macho, akasema, “Alhamdulillahi. Malizeni chai.” Kisha akatundika turubai. Turubai lilikuwa fupi kidogo, na upepo ulilifunua kila ulipotaka, kwa hiyo siku zile wapita njia walikuwa wakitukuta kitandani na kutusalimia kwa adabu zote. “Hamjambo watoto? Mama yupo?” Bakari alikuwa akiwaitikia akiwa bado amejifunika shuka, na mimi nilikuwa nikiona aibu ya kufa.

Habari zilimfikia Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliyekuwa na duka dogo la nafaka Horohoro, mpakani. Alikuja na kikapu cha unga na sukari. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye turubai. Hakuingia ndani. Alisimama kichochoroni, kanzu yake ameishika isiguse matope.

“Shemeji,” akamwambia Mama, “watoto wa ndugu yangu hawawezi kulala nje kama bata.”

“Hawalali nje, shemeji. Kuna turubai.”

“Turubai si ukuta.”

Baba Mkubwa akaeleza alichokifikiria njia nzima. Mvua zikikatika atarudi. Akikuta ukuta umesimama na umekauka, hana neno. Akikuta hali ni hii, mimi nitakwenda naye Horohoro nikasomee huko, Bakari atapelekwa kwa shangazi yetu Ushongo, na Mama arudi kwao Muheza apumzike na mzigo huu. Aliyasema hayo kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo sijapata kumfikiria kwa ubaya. Alikuwa amemzika mdogo wake na alihofia kuwazika watoto wake chini ya kifusi.

Alipoondoka, Bakari akaniuliza kama Ushongo na Horohoro ni karibu. Nikanyoosha mkono mmoja kaskazini kuelekea Mombasa, na mwingine kusini kuelekea Pangani, nikamwambia, huku ni kwangu na huku ni kwako. Naye akanyoosha mikono yake mifupi vilevile, akatazama kiganja kimoja, akatazama cha pili, akaanza kulia.

Mama alikuwa Mbondei wa Muheza, na kukandika nyumba kwake kulikuwa kama kusonga ugali. Mvua zilipopungua aliita msaragambo, maana yake majirani waje wafanye kazi pamoja na mwenye nyumba awapikie. Udongo mwekundu ulipatikana kwa mtu aliyekuwa akichimba msingi. Tatizo lilikuwa maji. Bomba la mtaa lilikuwa likitoa maji kwa hiari yake, na foleni ya ndoo ilifika mpaka kwenye duka la Mzee Karim. Lakini nyuma yetu kulikuwa na kisima. Maji yake yalikuwa ya chumvi, kama visima vingi vya mji uliokaa ubavuni mwa bahari, na watu waliyatumia kuoshea vyombo na kusafishia vyoo. Mama alijua hayo. Asingethubutu kuyapikia. Ila huko alikokulia maji yote ni matamu, na hakuna aliyewahi kuchagua maji ya udongo. “Udongo haunywi,” alisema akiteka. “Udongo unalowana tu.”

Siku ya kazi ilikuwa sherehe. Mama alisimama ndani, Bi Mwanaidi nje, wakatupiana madonge, na kila donge lilikwenda na neno lake. “Haya, mtu wa machungwa, tupa!” Bi Mwanaidi alimpigia kelele, kwa kuwa Muheza ni nchi ya machungwa. “Pokea, Mdigo, usilie!” Watoto tulikanyaga udongo uani mpaka magotini. Mchana tukala bada, ugali wetu wa unga wa muhogo, mweusi na wenye kunata, kwa mchuzi wa papa mkavu, na hapakuwa na mtu aliyenawa vizuri. Jioni ukuta ulikuwa umesimama, umenyooka, mzuri kuliko kuta nyingine zote za nyumba ile. Nilimwona Mama akiupapasa kama anayempapasa ng'ombe.

Jua likaja, ukuta ukaanza kukauka. Kwanza ulitoa weupe kwenye kingo, mwembamba kama poda, na sisi tukafurahi tukidhani ndiko kukauka kwenyewe. Kisha wakaja mbuzi. Walikuwa mbuzi wa Mzee Karim, mwenye duka la ng'ambo ya njia, mzee wa Kihindi aliyewapenda mbuzi wake hata akawapa majina. Walijipanga kichochoroni kama watu wanaosubiri bomba, wakaanza kuuramba ukuta wetu. Tukawafukuza, wakarudi. Tukawatupia makopo, wakarudi. Walikuja alfajiri kabla hatujaamka, na ndimi zao zilikwaruza nje ya ukuta, karibu na kichwa changu, kama mtu anayekuna nazi.

Mzee Karim aliposikia malalamiko alikuja mwenyewe, amefedheheka. “Mama Zuhura, wallahi nawalisha. Maganda, majani, pumba, kila kitu nawapa. Sijui wamepatwa na nini.” Akainama kutazama mahali walipokuwa wameramba. Akagusa kwa kidole. Kisha, kwa mshangao wetu, akakitia kile kidole mdomoni. Akakitia tena.

“Mama Zuhura,” akasema polepole, “ukuta huu umeutia chumvi?”

Bi Mwanaidi alicheka mpaka akashika nguzo. “Mchuzi wake hauna chumvi, kumbe yote kaimalizia hapa!” Lakini Mama hakucheka. Alikuwa amegeuka kukitazama kisima. Akaubonyeza ukuta kwa kiganja na udongo ukamomonyoka, ukatiririka kama mchanga, na chini kabisa, mbuzi walipokuwa wamefanya kazi, fito zilikuwa zimebaki nje. Chumvi ndivyo ilivyo. Inavuta unyevu usiku, inakauka mchana, na kila ikikauka inausukuma udongo mpaka unaachana. “Nyote mlikuwa mnajua chumvi inakula ukuta?” Mama akauliza. Bi Mwanaidi akaacha kucheka. “Shoga, ulisema wewe ndiye unayejua kukandika. Sisi tulidhani ndivyo mfanyavyo kwenu.”

Mama aliketi kizingitini. Alikaa hapo kitambo, khanga ameivuta kichwani. Mvua zilikuwa zimekatika. Baba Mkubwa angeweza kufika siku yoyote. Nilimsogelea nikaketi pembeni yake, nikingoja aniambie nikakunje nguo zangu. Badala yake akainuka, akachukua jembe, akaanza kuubomoa ukuta mwenyewe, donge kwa donge, fito zisiumie. Mzee Karim akatazama kidogo, kisha akasema tangi lake la maji ya bomba lililoko nyuma ya duka liko wazi. “Mbuzi wangu wamekula,” alisema. “Acha na mimi nilipie.” Bi Mwanaidi alikuwa ameshakwenda kuita watu.

Siku iliyofuata, udongo mpya umo uani na sisi tumo ndani yake, Baba Mkubwa akatokea kichochoroni. Alichokiona ni uwazi uleule aliouacha, na shemeji yake ameshika jembe, na fito zimebaki tupu kama mbavu za samaki.

“Shemeji,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira. “Unabomoa nyumba?”

“Nabomoa ukuta, shemeji. Nyumba ipo.”

Akatuangalia. Akasema kwa upole basi la Horohoro linaondoka baada ya adhuhuri, na kwamba neno ni neno. Mama akafuta uso kwa mgongo wa mkono. Hakumlilia wala hakumtukana. “Sikukatazi,” akamwambia, “ni damu yako. Lakini hawawezi kupanda basi hivyo. Wangoje wamalize kukanyaga, wanawe miguu.”

Nami nikaelewa. Mtoto mwenye matope mpaka magotini hasafiri. Nikamshika Bakari mkono, tukakanyaga. Tulikanyaga udongo ambao ulikuwa umeshalainika. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, Baba Mkubwa akaenda kuswali, akarudi, nasi tulikuwa tunakanyaga. Akapewa sahani ya bada akala. Majirani walikuwa wakija na ndoo za maji matamu kutoka kwa Mzee Karim, kila mmoja akimwamkia Baba Mkubwa na kupita. Bi Mwanaidi akatuletea chakula, nasi tukala tumesimama palepale, tukilishwa mdomoni kama makinda, kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka. Bakari alikuwa amechoka mpaka anayumba. “Dada,” akaninong'oneza, “tukimaliza?” Nikamwambia hatumalizi.

Baba Mkubwa alisikia. Aliweka sahani chini. Alivua viatu akavipanga kizingitini, akavua kanzu akaitundika kwenye mpapai, akakunja suruali, akaingia kwenye udongo pamoja nasi. “Sogeeni,” akasema bila kututazama. “Huku pembeni hamjakanyaga vizuri.” Akakanyaga kwa muda. Kisha akatoka, akachukua donge, akaenda kusimama nje, upande wa kichochoro, akielekeana na Mama. “Haya, shemeji. Ukisema tupa, natupa.”

Basi liliondoka bila sisi. Kila mwaka baada ya hapo, alipokuja kututembelea, alikuwa akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kabla ya kubisha hodi mlangoni.

Leo nyumba ile haipo. Bakari alimjengea Mama nyingine kwenye kiwanja kilekile, ya matofali, vyumba vitatu, bomba mpaka jikoni, na mafundi waliijenga kwa mkataba, wakamaliza wakaenda zao, sijui hata majina yao. Ni nyumba nzuri na sitamani kurudi kulala nyuma ya turubai. Anayetamani hakuwahi kulala hivyo. Na lile Baba Mkubwa alilotaka kulifanya limetokea lenyewe, polepole, bila ukuta wowote kuanguka: mimi niliolewa Pangani, na Bakari ana kazi yake kulekule Horohoro. Mkono mmoja kaskazini, mmoja kusini. Tulitawanyika kama watoto wote wanavyotawanyika, ila kila mmoja aliondoka siku aliyochagua, miguu safi, akijua ameacha mlango gani wazi nyuma yake.

Siku ya Idi tunarudi wote. Baada ya pilau, joto linapokuwa limekaza na feni zinazunguka katika vyumba vyote vitatu, sijui inakuwaje, tunajikuta tumejitupa kwenye mkeka mmoja chumbani kwa Mama, Bakari, mkewe, wanangu, wanawe, miguu ya huyu kifuani kwa yule. Mama hulalamika kila mwaka. “Nyumba nzima hii, mnakuja kunibana hapa kama dagaa. Hebu nendeni huko kwenye vyumba!” Hakuna anayeondoka. Na yeye mwenyewe, mwenye ruhusa ya kuhamia chumba chochote anachotaka, anavuta khanga, anajisogeza kidogo ukutani ili mtoto mmoja zaidi apate nafasi, na anafumba macho.