Mpishi Aliyefichwa Nyuma ya Ukumbi

Jumatatu asubuhi Mama Hope alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, kikombe cha chai mkononi, akisimamia usafishaji wa masufuria ya harusi ya juzi. Revelian akaingia na aproni yake imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Akaiweka kwenye benchi.

"Shikamoo, Mama Hope."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ya nini?"

"Nakurudishia. Mie naacha kazi."

Mama Hope alicheka. Ndivyo alivyo, jambo likiwa zito hucheka kwanza, akili inafuata baadaye. Alipoona mwenzake hacheki, kikombe kiliinama, chai ikamwagikia kitenge bila yeye kuhisi moto wake.

Jina lake hasa ni Clara, lakini ukiuliza Clara hapa Tabata utazungushwa mtaa mzima. Mama Hope ndilo jina, na Jiko la Mama Hope ndiyo kazi. Alianza kwa kukaanga maandazi barazani, akafika kupikia send-off, vipaimara na harusi mpaka Madale huko kwa wenye nyumba zao vilimani. Kilichompandisha ni ndafu, yule mbuzi mzima wa kubanikwa, anayesimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, amepambwa kama bibi harusi wa pili. Na ndafu huyo alikuwa mkono wa Revelian. Hakuna mwingine aliyeweza kumtoa mkavu juu na laini ndani, mpaka wazee wasio na meno wakaomba kuongezwa.

Sasa mpishi wa namna hiyo, hapa mjini, ni kama kuku wa kienyeji karibu na Pasaka. Ukizubaa, kabebwa. Mama Hope alilijua hilo na hakuzubaa. Alimlipa vizuri, haki yake asinyimwe. Alimkatia bima, akamlipia kodi ya chumba, Krismasi akampa mchele na mafuta. Halafu, ili awe na uhakika, akamficha.

Maana ndafu haingii ukumbini kimyakimya. MC husimamisha kila kitu, muziki unapandishwa, na mpishi mkuu mwenyewe anaingia naye akicheza, kofia nyeupe kichwani. Wageni wanainuka, simu juu, wanamtuza, wanauliza jina lake. Hapo ndipo wapishi huibiwa. Kwa hiyo Mama Hope alimvisha kofia Gibson, dereva wa kirikuu, kile kigari chao cha mizigo, kijana mrefu, mtanashati, anayejua kucheza na asiyejua kukaanga yai. Gibson ndiye aliyeingia na ndafu. Gibson ndiye aliyetuzwa. Na mgeni yeyote akimuuliza Mama Hope mpishi ni yupi, alimnyooshea kidole Gibson, kwani huwezi kujua nani katumwa na nani.

Revelian alibaki nyuma ya ukumbi na mkaa wake. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akawa anatabasamu tu, na mwisho akanyamaza kabisa. Mama Hope aliuona ukimya ule akauita upole. Mhaya, watu wanaosifika kwa kujisifu, kunyamaza juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe! Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu, lakini yeye alikuwa anatazama mlangoni kuona nani anakuja kumwiba.

"Nani kakununua?" aliuliza akiwa bado kwenye kreti. "Nitajie. Anachokupa naongeza."

"Naenda kwa Jovina, Gongo la Mboto."

"Jovina yupi? Yule anayeazima masufuria?"

"Huyohuyo."

"Anakupa nini, Revelian?"

"Pungufu ya hapa."

Mama Hope alimtazama kama mtu aliyeambiwa maji yamepanda mlima. Angemwelewa anayekimbilia mshahara, hata angemtukana kwa raha. "Umerogwa?" alisema. "Jamani, mtoto wa watu karogwa!"

"Sijarogwa, mama. Si ishu ya hela."

"Ishu ni nini basi?"

Revelian alimtazama Gibson aliyekuwa anaosha kirikuu huku akipiga mluzi. "Baki salama, Mama Hope," akasema, akaondoka.

Wiki ile Mama Hope alishtuka kila alipokumbuka. Wale wote aliowaogopa hawakumwiba mtu wake; mtu wake alijiondokea kwa miguu yake. Jumamosi, harusini Madale, Gibson aliingia akicheza kuliko siku zote, na baba wa bwana harusi akatafuna mara mbili, akakitema kipande kwenye tishu mbele ya kamera. Nje mkaa mtupu, ndani damu. Kabla ya Jumatano wateja wawili walikuwa wamehama.

Alijikaza wiki moja zaidi, kisha kiburi kikamwisha. Akamshonea Revelian koti jipya la mpishi, jeupe, zito, lenye vifungo viwili viwili, akaenda nalo Gongo la Mboto. Alimkosa. Mwenyewe alikuwa ameenda mnadani Pugu kuchagua mbuzi. Uani kwa Jovina palikuwa na mama mmoja mtu mzima, kwenye kigoda, anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama. Namtafuta Revelian."

"Marahaba, karibu. Atarudi." Yule mama aliinua uso, kisu kikasimama. "Eh! Wewe si nakujua? Tulikaa meza moja, Tabata, harusi ya mtoto wa Mashaka. Mimi Apolonia, wa Muleba. Nilikuuliza mpishi wa yule mbuzi ni nani."

Mama Hope alikumbuka. Alikumbuka vyote: kitenge cha kijani, ule mkono ulioshika wake, lile swali lililoulizwa kwa furaha ambayo yeye aliidhania ujanja. Siku ile aliwaza, katumwa huyu. Bibi wa watu!

"Ukanionyesha yule mrefu," Apolonia aliendelea, bila hasira hata kidogo. "Ukasema, 'Huyo, mama, anaitwa Gibson.' Nikamtuza na noti yangu. Usiku nikamwambia mwanangu, 'Kumbe umenidanganya. Kule Muleba nimewatangazia watu kanisani kwamba wewe ndiye mpishi mkuu, kumbe unapuliza mkaa.' Alitoka nje, akakaa huko peke yake."

"Mwanao ni…"

"Si huyo unayemtafuta?"

Mama Hope alikaa chini, kwenye maganda ya ndizi, na sketi yake ya kwendea mjini, wala hakukaribishwa. Miaka yote aliwazuia watu wasimwone Revelian, na mtu mmoja aliyekuja kumwona, mama yake mzazi, alimgeuza macho kwa kidole chake mwenyewe.

"Jumamosi iliyopita ndipo nikamwona," Apolonia alisema. "Hapo jirani, kaukumbi kadogo, viti vya plastiki. MC akamtaja jina, akamtaja na baba yake. Nikalia, nikamwomba msamaha mbele za watu." Akafuta mkono kwenye kanga. "Na wewe umembebea nini?"

"Koti, mama. Nimemshonea. Nataka arudi."

Apolonia alilikunjua magotini. Akapapasa ile nguo nzuri, akakubali kwa kichwa, kisha vidole vikasimama kwenye maandishi mekundu ya kifuani.

"Hapa pameandikwa nini? Macho yangu yamechoka."

"Jiko la Mama Hope."

"Aa. Na jina lake liko wapi?"

Mama Hope alilichukua koti. Akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akakunjua hadi mikono, ingawa alijua halipo.